Safari ya Kambale Kushuka Mto

Kambale hakupewa jina hilo kwa uzuri wake. Alikuwa na kichwa kipana, mdomo mpana zaidi, na ndevu chache ndefu ambazo hakuzinyoa wala hakuzitunza, zikawa zinaning'inia pembeni mwa mdomo kana kwamba mwenyewe amezisahau. Watoto aliokuwa akiwafundisha kuogelea ndio waliomwita hivyo, mwanzoni chini chini, mpaka siku moja kasichana kamoja kakajisahau kakasema, "Mwalimu Kambale, nimemeza maji," na bwawa zima likaangua kicheko. Mwalimu alicheka kuliko wote. Kuanzia hapo hata meneja alimwita Kambale, tena mbele ya wageni, na lile jina alilopewa na wazazi likabaki kwa karani wa mishahara tu.

Bwawa lenyewe lilikuwa mali ya manispaa, na lilitunzwa jinsi mali ya manispaa inavyotunzwa. Vigae vya bluu vilikuwa vimebanduka, ngazi moja ya chuma ilikuwa imefungwa kwa waya, na bafu la wanaume lilikuwa na bomba moja linalotoa maji na mawili yanayotoa sauti. Kila asubuhi Kambale aliopoa majani na wadudu kwa wavu wenye mpini mrefu, akatia dawa, akangoja dawa itulie, halafu akavaa filimbi yake shingoni na kuanza kazi. Wachokozi wa mtaani walipenda kusema kwamba Kambale anapiga maji tangu alfajiri, ili mgeni adhani ni mlevi. Yeye alikuwa na jibu lake tayari: "Napiga, na mwisho wa mwezi nalipwa. Wewe unayepiga yale mengine, nani anakulipa?"

Hakuwahi kuoa. Dada yake, aliyekuwa dobi, alisema ni kwa sababu hakuna mwanamke anayetaka mume anayenuka kama choo kilichotoka kusafishwa. Alisema hivyo huku akimpakulia chakula, maana kila jioni Kambale alikula kwa dada yake, akalala kwenye chumba chake cha kupanga mtaa wa pili. Dada alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu.

Mtoto huyo alirithi jina la dada wa marehemu baba yake, na kwa heshima ya mwenye jina, nyumba nzima ikamwita Shangazi. Alikuwa na miaka tisa, na jina lilikuwa limemkaa barabara. Aliingia jikoni mikono kiunoni, akauliza nani ameacha sufuria wazi. Aliwakemea kuku wa jirani kwa tabia zao. Mjomba wake alipofika jioni alimwamkia, "Shikamoo, Shangazi," naye akaitikia "Marahaba" bila kutabasamu, kisha akamtazama miguuni na kumuuliza kama amenawa. Kambale alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Siku za mapumziko alimchukua bwawani kabla halijafunguliwa kwa watu, akamfundisha mwenyewe, mpaka akawa anaogelea vizuri kuliko watoto wa wanaolipa.

Lakini mtoni Shangazi hakukanyaga. Nyumba ya dobi ilikuwa mtaa wa chini kabisa, na nyuma yake ardhi iliteremka moja kwa moja hadi kwenye maji. Mto ule ulikuwa umeshapita kwenye kiwanda cha ngozi, ukapita kwenye machinjio, ukapita nyuma ya magereji yote ya mjini, na kila mmoja alikuwa ameupa alichokuwa hakitaki. Siku nyingine maji yalikuwa ya kahawia, siku nyingine ya kijani, na siku ambazo kiwanda kilipaka ngozi rangi za viatu vya shule yalikuwa meusi tititi. Panya wa pale ufukweni paka aliwapisha njia. Madobi wengine walifulia humo humo, wakatoza bei rahisi. Dada wa Kambale alinunua maji ya bomba, akapoteza wateja, na akaona ni sawa. Nyumbani kwake alikuwa na sheria chache, ila ya mto haikuwa na msamaha. "Nikikuona hata ukucha umelowa," alimwambia binti yake, "utanitambua." Na Shangazi, aliyekuwa akimkemea kila mtu, kwa hilo alinyamaza na kutii.

Watoto wengine wa mtaa wa chini hawakuwa na mama mkali namna ile. Waliingia mtoni, wakatoka na vidonda miguuni na macho mekundu, kisha siku ya kiingilio cha bure wakapanga mstari kwenye mlango wa bwawa. Meneja alikataa wasiingie. Alisema watawaambukiza wengine, na aliyewekwa mlangoni kuwarudisha alikuwa Kambale. Alisimama pale na filimbi yake, akawaambia warudi nyumbani, huku akijua fika kwamba hawarudi nyumbani, wanarudi mtoni. Jioni ile chakula hakikupita kooni. Dada alimuuliza kama ameugua, akasema hapana, ameona haya tu.

Ndivyo alivyoingia kwenye chama. Kilikuwa chama cha kutetea mto, kikiongozwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye watu walimwita Katibu, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ameshajiuzulu, mweka hazina hakuwa na hazina ya kuweka, na mama huyo ndiye aliyebaki. Katibu alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa na viatu vilivyokwisha visigino kwa kutembea maofisini. Aliitisha mikutano, watu wakaja siku ya soda, soda ilipokwisha wakaisha na wao. Alibandika matangazo ya kuonya kuhusu maji, yakabanduliwa yakafungiwa karanga. Alikwenda kiwandani, mlinzi akamwambia mkubwa yuko kikaoni, na kama ni kweli basi mkubwa yule alikuwa kikaoni mwaka mzima.

"Hawaji kusikiliza," Katibu alilalamika siku moja, ameshika tama. "Hawa watu watakuja kutazama tu. Hata gari likitumbukia mtaroni wanajaa."

"Basi tuwape cha kutazama," alisema Kambale. "Nitauogelea."

"Utauogelea nini?"

"Mto. Kutoka juu milimani mpaka unapomwagika. Wakiniona mimi, mwalimu wa kuogelea, nababuka ngozi na kutapika mbele yao, hawatahitaji kusoma tangazo."

Katibu alimtazama, macho yakaanza kumng'aa. Mtu akiwa amegonga milango iliyofungwa miaka yote hiyo, ukimwonyesha dirisha anaruka bila kuuliza chini kuna nini. Wiki haikuisha, redio ilikuwa imeshapata habari.

Dada alizipata kwa mteja aliyeleta mashuka. Kambale alipofika jioni alimkuta hajapakua chakula.

"Umerogwa?" dada alimuuliza. "Mto niliomkataza mwanangu tangu anatambaa, wewe mtu mzima unakwenda kujitumbukiza?"

"Ndiyo sababu nakwenda, Dada. Nataka wauogope kama unavyouogopa wewe. Wakiniona natapika, wataelewa."

"Na usipotapika?"

Kambale alicheka. Alisema mto ule hata samaki wanatapika, sembuse yeye. Dada hakucheka. Alipakua chakula shingo upande, na mambo yakaishia hapo.

Tuseme ukweli, hakuna aliyetaka Kambale afe kwa ajili ya mkutano wa hadhara. Katibu alimtafutia muuguzi wa kujitolea, binti mmoja makini ambaye wote walimwita Nesi. Nesi alimchoma sindano, akampa vidonge vya kumeza kabla, wakati na baada, akamwagiza ajipake mafuta mazito mwili mzima kila asubuhi na kuziba masikio kwa nta. Yeye na Katibu wangemfuata kwa mtumbwi wenye mapipa ya maji safi na sabuni, na kila jioni angeoshwa kuanzia utosini. Kuhusu mdomo, Nesi hakuwa na mzaha. Kuanzia kiwanda cha ngozi kwenda chini, kichwa kikae juu, pumzi zipite puani, na mdomo usifunguliwe kwa sababu yoyote ile. "Hata ukiungua," alisema Nesi, "ungua kimya." Yote hayo yalikuwa ya busara, na yote yalifanyika chumbani na ndani ya mtumbwi, ambako mtu wa ufukweni hakuyaona.

Halafu kulikuwa na bango. Katibu alitaka kitambaa kirefu kitundikwe kwenye daraja la reli, kila mtu akisome, akamwagiza Fundi Rangi, aliyeandika majina ya maduka yote ya mjini, aandike maneno matatu: MTO WETU UNAOGELEKA? Fundi Rangi alikuwa fundi wa herufi kubwa. Alizipanga kwa raha zake, akazitia kivuli cha manjano, na alipofika mwisho wa neno la tatu kitambaa kilikuwa kimeisha. Ile alama ya kuuliza haikupata pa kukaa. Akaona ni kitu kidogo, akaiacha, akatundika. Lugha yetu nayo, kwa hapo, haina huruma. "Unaogeleka" ya kuuliza na "unaogeleka" ya kujibu ni ndugu pacha, na kinachowatenganisha ni sauti ya msemaji tu. Kitambaa hakina sauti. Mtangazaji wa redio alipita darajani, akasoma kilichoandikwa, akautangazia mji mzima kwa furaha kwamba mto wetu unaogeleka, na kesho kutwa Kambale atathibitisha.

Kambale hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshaanza safari kule juu, ambako mto ulikuwa bado mto. Maji yalikuwa baridi, mawe yalionekana chini, na aliogelea huku akiimba. Alimwambia Nesi baadaye kwamba asubuhi ile alisahau kabisa alichofuata, akaona raha tupu. Siku iliyofuata alifika penye bomba la kiwanda, bomba pana ambalo mtu angeweza kuingia ameinama, likitapika maji ya rangi ya kutu yenye povu. Alifunga mdomo. Ngozi ya shingoni ilianza kuwasha pale mafuta yalipofutika. Mzoga wa mbuzi ulimfuata mwendo mrefu, akiharakisha nao unaharakisha. Chini ya machinjio aliogelea huku machozi yakimtoka ndani ya miwani yake ya kuogelea, na siyo kwa sababu ya harufu. Alikuwa amefundisha watu kupenda maji maisha yake yote, na haya hapa ndiyo waliyokuwa wameyafanya maji.

Lakini hakutapika. Sindano zilifanya kazi, vidonge vilifanya kazi, na pumzi alizizoea. Mtu wa ufukweni alimwona mwanamume mzima, anang'aa kwa mafuta, anashuka mto kwa mwendo wa madaha.

Siku ya mwisho alipita mtaa wa chini. Kambale hakuwahi kuona watu wengi vile. Walijaa kingo zote mbili, wakapanda juu ya mapaa, wakauziana maji ya chupa na kutupa chupa mtoni. Wakaimba jina lake kwa kulikata vipande, Kam-ba-le, Kam-ba-le, mpaka akaisikia sauti yao kifuani hata na nta masikioni. Tuseme ukweli tena, moyo ulimjaa. Mtu aliyeitwa kambale kwa dhihaka anaimbiwa na mji mzima, angekuwa jiwe kama asingefurahi. Ndipo alipoona mtoto wa kwanza anaruka majini.

Akaruka wa pili. Wakaruka kumi. Wakaja wakiogelea pembeni yake, wakicheka, midomo wazi, wakimeza na kutema. Kambale alitaka kupiga kelele, na mdomo aliokuwa ameufunga siku mbili ulikaa umefungwa, maana maji yalikuwa kidevuni na Nesi alikuwa amemwonya. Kwa hiyo alifanya alichofanya kila siku kazini. Bwawani, watoto wakiwa na maji masikioni, mwalimu hasemi, anatumia mkono: kiganja chini, vidole vinasukuma kwenda nje, maana yake toka majini sasa hivi. Alinyanyua mkono juu kabisa, akausukuma hewani kuelekea ufukweni, mara moja, mara mbili, mara nyingi.

Kumwita mtu kwa mkono nako kunafanywa kwa kiganja kilichotazama chini. Tofauti ni vidole vinakoelekea, na kutoka ufukweni, na mkono wenyewe umelowa na unapanda na kushuka na maji, nani ataona vidole vinaelekea wapi? Watu waliona Kambale anawaita. Kelele zikazidi, na wakamiminika. Nesi alisimama mtumbwini akipaza sauti, Katibu akapiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka betri ikaisha, na hakuna aliyesikia hata neno.

Hapo akamwona dada yake. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake, pale pale ukingoni, amevaa gauni lake zuri, ameshika mkono wa Shangazi. Kambale akanyanyua kifua nje ya maji, akapunga kwa nguvu zake zote. Akamwona mtoto anasita, anamwambia mama yake kitu. Akamwona dada anainama, anamjibu, anamwekea mkono mgongoni. Kisha Shangazi akaingia majini na kuanza kumjia, kichwa juu, mikono inakata maji vizuri, kama alivyomfundisha.

Alijaribu kukata kona kwenda kwake. Vijana walikuwa wamemzunguka, wengine wamemshika mabega wakipiga picha, na alipowabandua mkondo ulikuwa umeshampeleka mbali kwenye kona. Aligeuka akaiona misuko ya Shangazi katikati ya vichwa vingine. Angeweza kutoka ukingoni na kurudi kwa miguu. Mwisho wa safari ulikuwa karibu, viongozi walikuwa wanangoja, na alijiambia atasema yote kwenye kipaza sauti, wote wasikie kwa mpigo mmoja. Akaendelea.

Kwenye kipaza sauti alisema, "Msiingie kwenye mto huu. Una sumu." Umati ukacheka sana. "Anataka uwe wake peke yake!" mmoja akapaza sauti, na wakamvisha shada la maua. Jioni ile mkubwa mmoja wa mjini alisema redioni kwamba amefurahi, maana sasa wale wanaolalamika kila siku kuhusu mto wamejibiwa kwa vitendo.

Usiku huo huo sikio lake la kushoto lilianza kuuma, na kabla ya wiki kwisha lilikuwa limevimba hata hafungui mdomo. Wakamlaza hospitali. Alilala kule akiwa na homa, hajui hili wala lile, huku watoto wa mtaa wa chini wakishinda mtoni tangu asubuhi, na Shangazi pamoja nao. Mama yake alikuwa ameifuta ile sheria. Madobi wenzake walimcheka kwa maji ya bomba aliyonunua miaka yote, naye akacheka nao, akasema kumbe aliogopa kivuli.

Siku Kambale alipopewa ruhusa ya kutoka, walipishana mlangoni. Yeye anatoka na vidonge vyake mfukoni, dada anaingia mbio na Shangazi mgongoni. Miguu ya mtoto ilikuwa mirefu mno kubebwa mgongoni, ilikuwa inaburura viatu. Kambale alimpokea, na alipomtazama usoni aliona weupe wa macho umegeuka manjano.

Daktari aliwaeleza kwa upole. Ni ugonjwa unaotoka kwenye maji yaliyochanganyika na mikojo ya panya, alisema, unaingia kwenye mikwaruzo ya ngozi na kwenye macho, na wa mtoto huyu umefika kwenye figo. Aliuliza kama mtoto ameogelea mahali. Dada alimtazama Kambale, Kambale akatazama sakafu. Wakati huo kulikuwa na watoto wengine wodini, na wengi wao walipona, na Mungu ashukuriwe kwa ajili yao. Mjomba alikaa kando ya kitanda na kumwamkia kila asubuhi kama alivyozoea, "Shikamoo, Shangazi." Siku za mwanzo aliitikia. Siku moja alifungua macho, akamwona amemshika mkono, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Umenawa?" Kambale akasema amenawa. Yakawa maneno ya mwisho kumwambia.

Walimzika karibu na baba yake. Dada hakulia makaburini. Alilia alipofika nyumbani na kuikuta nguo ya shule kwenye kamba, aliyoifua mwenyewe na kusahau kuianua, na alilia kwa namna ambayo majirani walitoka nje wakakaa barabarani kwa kushindwa kuvumilia.

Kambale yeye alishikwa na hasira, na hasira inatafuta pa kwenda. Ilikwenda kwa Fundi Rangi. Alimkuta juu ya ngazi akiandika jina la duka la viatu, akaitikisa ngazi mpaka kopo la rangi likamwagika.

"Alama yangu iko wapi?" alipiga kelele. "Uliambiwa uandike alama ya kuuliza!"

Fundi Rangi alishuka, ametota rangi nyekundu hadi kiwikoni. Alikuwa ameshasikia habari ya mtoto, na alikuwa hana pa kuuweka uso. "Kitambaa kiliisha, kaka," alisema. "Nilidhani watu wataelewa tu. Mto wenyewe si unanuka?" Halafu akaanza kulia, baba mzima, na Kambale akajikuta amemshika bega na kumwambia basi, basi yaishe. Alirudi chumbani na hasira yake bado anayo yote.

Kitu kimoja kilimfanya aamke asubuhi miezi ile. Alikuwa amepunga mkono. Aliwakataza. Hakuna aliyemwelewa, lakini yeye alisema kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na Mungu alikuwa shahidi. Alipolala alijirudia picha ile, kiganja chini, vidole vinasukuma kwenda nje, na kwa picha hiyo alipata usingizi kidogo.

Kisha Katibu akaja. Alikuwa amekonda, na alizungumza huku akizungusha kikombe cha chai bila kunywa. Alisema kwamba sasa kuna watu wanaosikiliza kweli, kwamba kuna mwandishi wa habari anataka kufuatana nao, na kama Kambale angeshuka mto mara ya pili, safari hii wakieleza tangu mwanzo ni kwa nini, huenda kiwanda kingelazimika kuziba lile bomba. "Ili mtoto asiwe amekufa bure," Katibu alisema. Kambale alimjibu kwamba hawezi kumpa jibu bila kumuuliza dada.

Alimkuta uani anafua. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni, na alikuwa akisugua kola ya shati ambayo ilikuwa imeshatakata zamani. Kambale aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, dada akamtangulia.

"Mdogo wangu, kuna kitu kinaninyima usingizi. Nikuulize, na usinifiche."

"Uliza, Dada."

"Siku ile, mtoto alikataa kuingia." Alisugua, hakuinua macho. "Aliniambia, 'Mama, mjomba anasema tutoke. Ule ni mkono wa kutoka, ndio anaotufundishia bwawani.' Nikamwambia, 'Mkono wa kuita ule, mimi simjui mdogo wangu? Nenda, anakungoja.' Akaniambia tena, 'Mama, hapana.' Nikamsukuma." Shati lilimponyoka, likazama kwenye povu. "Nilimsukuma mimi. Kidogo tu, hivi, mgongoni. Kila nikifumba macho namsikia ananiambia hapana. Sasa niambie. Ulikuwa unaita, siyo? Nani alikosea, ni mimi au ni yeye?"

Kambale aliitazama mikono ile iliyochubuka. Alimwona Shangazi ukingoni, mikono kiunoni pengine, anamweleza mama yake jambo alilolijua vizuri kuliko watu wote waliosimama pale. Mji mzima ulimsoma vibaya, na mtu mmoja tu alimsoma sawa, naye alikuwa na miaka tisa. Aliujua ukweli, ndio kitu pekee alichobaki nacho, na aliona wazi ukweli huo ukitoka kinywani mwake utamkuta nani.

"Nilikuwa naita, Dada," alisema.

"Unaapa?"

"Naapa. Nilimwona, nikataka tuogelee naye pamoja mbele za watu. Mtoto ndiye aliyekosea. Wewe ulinisoma sawasawa."

Dada alivuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka. Alifumba macho, na machozi yakamtiririka bila sauti. Alipoyafumbua, alimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Ulijua kilichomo mle. Mimi nilikuona hutapiki nikadhani niliogopa bure, wewe ulijua, na ukamwita mwanangu aingie."

"Ndiyo, Dada."

"Toka kwangu. Nisikuone tena hapa mpaka nife."

Aliinuka, akairudisha ndoo mahali pake, akatoka. Kwa Katibu alipeleka jibu moja, kwamba hataingia tena mtoni, na hakueleza. Bwawani yuko bado, na ndevu zake zimekuwa nyeupe. Wakikutana njiani na dada yake, dada anavuka upande wa pili, na watu wanaojua wanamwonea huruma dada na kumshangaa kaka, mtu aliyemwita mtoto wa watu kwenye sumu. Hajibu. Akimpata jirani wa dada peke yake humuuliza kama siku hizi anakula, na kama usiku analala. Wakimwambia analala, hushukuru na kwenda zake kazini.